Choo ni cha Wasomaji Tu

Wazazi wenzangu, mtoto akija kukuambia amepata kazi maktaba, usiharakishe kupiga vigelegele. Mimi nilipiga. Nilipiga mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna posa. Nikamwambia hakuna posa, kuna zaidi ya posa: binti yangu ameajiriwa na baraza la mji, anakaa kwenye kiti chenye mgongo, mbele meza, nyuma vitabu, juu feni. Nikawaza watoto wa wenzangu, huyu askari, huyu muuguzi wa wodi ya vichaa, huyu anapanda nguzo za umeme, nikaona wangu ndiye ameangukia pema. Kitabu hakimpigi mtu teke. Nikalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Naandika haya ili wewe mwenye mtoto wa namna hiyo uwe macho tangu siku ya kwanza.

Maktaba yenyewe iko hivi. Chini ni chumba cha kusomea, juu ni ukumbi wanakokutana madiwani, na ngazi ya kwenda juu inaanzia ndani, mwisho wa rafu za magazeti, kwa hiyo diwani hafiki kwenye kiti chake bila kupita katikati ya watu wanaosoma. Mbele ni barabara, ng'ambo ya barabara ni soko. Binti yangu alipoanza alikuta viti vinakwaruza sakafu kama paka wanaopigana. Akaomba mipira mibovu ya baiskeli kwa fundi, akaikata, akaivisha miguu ya viti vyote kwa mikono yake. Kimya kikamwingia mwilini. Hata nyumbani nikipanga masufuria nasikia, "Mama, taratibu." Mjomba wake akicheka, na kaka yangu huyo akicheka bati zinatikisika, mtoto anaweka kidole mdomoni, "Shhh," bila mwenyewe kujua. Mjomba humtania: "Wewe utakuja kumnyamazisha bwana harusi siku ya ndoa yako."

Ajira ilikuwa ya majaribio. Maana yake ni kwamba mkubwa yeyote akikohoa, wewe uko nje.

Shida ilianzia chooni. Msicheke. Soko lilikuwa na choo kimoja, kibovu lakini choo. Siku moja baraza likakifunga, likasema ni ukarabati. Kufuli likakaa. Kisha kufuli likatoka, mlango ukapakwa rangi ya buluu, na ndani tukaona duka la vifuniko vya simu. Akina mama wa sokoni, wanaokaa pale tangu alfajiri, wakaacha kunywa maji. Muuza nyanya mmoja mjamzito akaanguka juu ya meza yake saa ya jua kali. Ndipo wakaanza kuvuka barabara kwenda kutumia choo cha maktaba, mmoja mmoja, wakiingia kwa aibu kama wanaoiba.

Mkuu wa maktaba, watu humwita Bwana Utaratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, hakulipenda jambo hilo. Akabandika tangazo: CHOO NI CHA WASOMAJI TU.

Binti yangu akalisoma lile tangazo, akamfuata ofisini. Alinisimulia mwenyewe jioni ile, anacheka.

"Mkuu, tangazo limesema wasomaji tu?"

"Ndio utaratibu."

"Na msomaji ni nani, Mkuu?"

"Mwenye kadi."

"Na kadi anapewa nani?"

"Mkazi yeyote wa mji anayeomba. Kwani hujui kazi yako?"

"Naijua, Mkuu. Nilitaka nisikie kwako."

Siku iliyofuata akavuka barabara na boksi la kadi, akapita meza kwa meza. Kadi ni bure. Mama Vitunguu, anayeuza vitunguu na ndiye mwenye ulimi kuliko wote pale sokoni, akaishika ya kwake juu akawaonyesha wenzake: "Jamani, mtu mzima mimi, shule ilinishinda na fimbo zote zile, leo nimekuwa msomaji kwa ajili ya mkojo!"

Lakini mtoto wangu hakuishia hapo. Laiti angeishia hapo. Akawaambia kwamba msomaji ni anayesoma, kwa hiyo akitoka chooni kule nyuma, kila mtu akae kidogo asome hata ukurasa mmoja. Wakaona ni bei ndogo. Mama Vitunguu akaanza na kitabu cha figo, kwa sababu kiuno kilikuwa kinamsumbua, akatoka anatangaza soko zima kwamba kubana mkojo ni kujichimbia kaburi. Wasiojua kusoma wakasomewa na wenzao, kwa kunong'ona. Muda si muda wakawa wanaomba sheria ndogo za mji, na mtoto anawatolea, anawafafanulia kwamba baraza linalotoza ushuru wa soko lina wajibu wa kuweka choo. Mimi nikisikia hayo naacha ninachofanya. Namwambia, "Mwanangu, wape hadithi. Wape mapishi." Ananijibu, "Mama, mimi siwachagulii. Mtu akiomba kitabu, nampa." Na hapo ndipo anapokuwa mkaidi, kwa ile sauti yake ya chini ambayo hata ugomvi hauanzi.

Halafu akaja kaka yangu. Ni dereva wa baraza, huwaendesha wakubwa, na wakubwa huongea mbele ya dereva kana kwamba ni usukani. Akaingia bila kucheka, nikajua kuna jambo.

"Dada, mtoto anatajwa kwenye gari."

"Anatajwaje?"

"'Yule msichana wa vitabu.' Akina mama wameomba kibali cha mkutano mbele ya baraza siku ya kikao cha madiwani, wamenyimwa. Sasa wakubwa wanasema wakikusanyika tu, watatawanywa, na wanamtafuta anayewapanga. Wanadhani ni yeye."

Binti yangu alikuwa anakunja nguo. Hakuinua hata kichwa. "Mjomba, mimi sipangi kitu. Wao ndio wamepanga."

"Wamepanga nini?"

"Kusoma."

Akatueleza. Siku ya kikao hawatafanya mkutano. Watafunga meza zao, waingie maktaba na kadi zao, wakae kwenye viti vyote, wasome kuanzia inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Hakuna bango, hakuna wimbo, hakuna neno. Madiwani wapite katikati yao kwenda juu, wapite tena wakishuka.

Kaka yangu akashika kiuno. "Eh! Na wewe?"

"Mimi nipo kaunta. Natoa vitabu, napokea vitabu. Tumekubaliana hivyo na Mama Vitunguu, mimi si mmoja wao siku hiyo, ni mfanyakazi tu. Wakija kuuliza, hawatakuta neno langu hata moja."

"Omba ruhusa siku hiyo," nikamwambia. "Sema unaumwa."

"Mama, siku wasomaji ni wengi kuliko siku zote ndiyo niumwe?"

Nikamwangalia mjomba wake anisaidie. Akasema tu, "Mpwa wangu, barua yako ya kuthibitishwa iko mezani kwa hao hao." Mtoto akaendelea kukunja nguo. Alinisaidia kukunja hata zangu.

Usiku huo sikumsema tena. Nilipanga langu moyoni. Asubuhi ya kikao nikamwacha atangulie, nikajitanda khanga, nikafuata nyuma na uongo wangu nimeutayarisha: nitamwambia mjomba wake ameanguka, yuko hospitali, twende upesi. Tukishafika njiani nitaona la kufanya.

Nilipoingia, uongo ulinikauka mdomoni. Nimeshaona msikiti umejaa, nimeshaona kanisa limejaa, lakini watu wengi namna ile bila sauti sikuwahi kuona. Kila kiti mtu. Wauza samaki, wauza mitumba, muuza nyanya na tumbo lake limeegemea meza, wote wameinamia vitabu. Kilichosikika ni feni na karatasi zikifunuliwa. Nikaenda kaunta kwa ncha za vidole.

"Mjomba wako..." nikaanza.

"Amenipigia simu sasa hivi, yuko gereji," akaninong'oneza. "Mama, ukisimama hapa unawazibia watu. Kiti kimoja kimebaki."

Akanipa kitabu bila kuniuliza ninataka kipi, akanielekeza kwa macho. Nikajikuta nimekaa karibu na Mama Vitunguu, mkononi nina kitabu cha magonjwa ya kuku. Mama Vitunguu akaniegemea sikioni: "Karibu shuleni, shoga. Usipige chafya, utatufungisha."

Madiwani wakaanza kuingia. Wa kwanza, mnene, aliingia anaongea na simu, akatuona, sauti ikampungua yenyewe mpaka ikaisha. Mwingine akajaribu utani: "Naona leo soko limehamia huku!" Hakuna aliyeinua uso. Kurasa zikafunuliwa. Akapita katikati yetu, na nawaambia kweli, mzee mzima yule alikuwa ananyata. Ngazi nzima aliipanda kwa kunyata. Nikaanza kuona mtoto wangu ana akili. Nikaanza hata kupumua.

Kisha wakaja askari.

Walikuwa watatu, mbele yao mmoja mwenye cheo. Dirishani niliona lori lao limesimama, na wengine wamekaa nyuma, wanasubiri. Yule mkubwa akasimama katikati ya chumba.

"Nani kiongozi hapa?"

Kimya.

"Nimeuliza, nani kiongozi wa mkusanyiko huu?"

Mama Vitunguu akainua kadi yake juu, bila kutoa macho kitabuni. Wenzake wakainua zao. Nikatamani ningekuwa nayo.

"Mnaniletea mchezo? Mmekatazwa kukusanyika! Wewe mama! Nani kakuleta hapa?" Alikuwa anamwambia muuza nyanya. Yule akageuza ukurasa. Askari akapiga rungu mezani, pa! "Naongea na watu au naongea na viti? Nani..."

"Shhh."

Wazazi wenzangu, niliijua kabla hata sijageuka. Naishi na sauti hiyo, naipata kwa kila sufuria. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, kidole mdomoni, ameshika muhuri kwa mkono mwingine, na uso wake ulikuwa hivyo hivyo unavyokuwa mjomba wake anapocheka, wala hakuwa na hasira. "Samahani afande, tafadhali shusha sauti. Watu wanasoma."

Na yule askari akanyamaza. Hilo ndilo lililotuponza. Angeendelea kupiga kelele ingekuwa nafuu. Alinyamaza, na wale wawili nyuma yake wakanyamaza, mmoja akavua na kofia. Sisi wote, kama watoto, tukainua vichwa tukamwangalia yeye. Chumba kizima kikamwangalia yeye. Halafu, kwa kuwa ndiye aliyesema watu wanasoma, tukainama tukasoma.

Yule mkubwa alituangalia tunavyoinama. Akaanza kutabasamu taratibu.

"Kumbe. Akisema kimya, wanatii. Namtafuta kiongozi muda wote huu, na kiongozi yuko kaunta."

Niliona mtoto wangu anaelewa alichofanya. Asubuhi nzima alikuwa amekaa bila neno, amejilinda kama alivyotuahidi, na kazi yake yenyewe ndiyo imemsemesha.

"Afande, hiyo ni..."

"Utaeleza kituoni. Toka huko."

Akaomba amkabidhi mtu kaunta. Bwana Utaratibu alikuwa ameshatoka ofisini, amesimama mlangoni anameza mate. Akampa muhuri. Akatoka. Akapita karibu na kiti changu kiasi kwamba sketi yake ilinigusa mkono.

Nikasikia viti vinaanza kusogea. Ile mipira ya baiskeli haikuficha kitu, watu walikuwa wanataka kuinuka, mwili wangu wa kwanza. Nilikuwa na mayowe hapa kooni, yalishafika. Nikaona askari mkubwa ameushikilia mlango wazi, hatoki. Anatusubiri. Nje wale wa kwenye lori walikuwa wameshashuka, wamejipanga. Tukitoka nyuma yake, tayari tuna maandamano bila kibali, tena tuna kiongozi. Mtoto wangu mlangoni akageuka. Mikono ilikuwa imeshikwa, akateremsha kidevu tu, mara moja, kama anavyomteremshia kidevu anayeongea na simu. Kaeni.

Nikakaa.

Usiniulize nilikaaje. Mzazi yeyote anayeniambia yeye angeinuka, namwambia na mimi ningeinuka, na mimi nilikuwa nimeshainuka robo tatu. Nilikaa nikauma ncha ya khanga, nikafunua ukurasa. Kulikuwa na picha ya kuku aliyevimba macho. Niliiangalia picha ile mpaka nikasikia mlango wa lori unafungwa na injini inaondoka. Mama Vitunguu alinishika goti chini ya meza, akalikandamiza kwa nguvu zake zote za kubeba magunia. Machozi yake yalikuwa yanadondokea kwenye figo. Hakuna aliyetoka. Madiwani waliposhuka walitukuta tunasoma, na Bwana Utaratibu yuko kaunta, amekaa kwenye kiti cha mwanangu, anagonga muhuri kwenye vitabu ambavyo hakuna aliyeviazima.

Maktaba ilipofungwa ndipo nilipokwenda kituoni. Nilimkuta kaka yangu ameshafika, funguo za gari la baraza zinacheza mkononi. Tukakaa kwenye benchi la mbao mbele ya chumba cha mkuu wa kituo. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, nikamwona mwanangu amesimama, na mbele ya meza yuko Bwana Utaratibu, ameitwa atoe maelezo. Nikajua tumekwisha. Mtu yule anaogopa hata mkutano wa wazazi.

"Unamfahamu huyu?" mkuu wa kituo akamuuliza.

"Ni mfanyakazi wangu. Wa majaribio."

"Anatuhumiwa kuongoza mkusanyiko usio na kibali. Ushahidi ni kwamba alitoa amri, na watu wote wakatii. Ulisikia akitoa amri?"

"Nilimsikia."

Kaka yangu akafumba macho.

"Alisema nini?"

"Alisema shhh."

"Na kumwambia askari aliye kazini shhh, ndio nini hiyo?"

Bwana Utaratibu alitoa leso mfukoni. Akaikunja, akaikunjua. "Ni utaratibu," akasema.

"Utaratibu upi?"

"Wa chumba cha kusomea. Anayepaza sauti ananyamazishwa. Mimi ndiye niliyemfundisha. Asingemnyamazisha ningempa onyo." Akaikunja tena leso. "Na hata wewe, afande, kwa heshima zote, ukija kule na sauti hiyo, nitakunyamazisha."

Kaka yangu akacheka. Hakujizuia, akacheka kile kicheko chake cha kutikisa bati, kituo kizima kikageuka. Ndani nikaona mtoto wangu mkono unapanda kwenda mdomoni, kisha akaushusha haraka, akauficha nyuma ya mgongo. Mkuu wa kituo alimwona. Sijui alifikiri nini. Alisema, "Mtoeni huyu mbele yangu, na asinirudie."

Msidhani imeishia vizuri. Bwana Utaratibu ameandikiwa ajieleze. Mtoto wangu majaribio yake yameongezwa, na kaka yangu amesikia kwenye gari kwamba wakubwa wanatafuta pa kumpeleka, ghala la majalada, mahali ambapo hakuna watu. Choo, madiwani wameunda kamati. Na akina mama bado wanavuka barabara, bado wanakaa kwenye vile viti, na sasa kila mwenye cheo akipita anamtazama msichana wa kaunta kwanza.

Tulirudi kwa miguu jioni ile, mimi na yeye, mjomba ametangulia kurudisha gari. Nilikuwa nimemtayarishia maneno ya kutosha njia nzima. Akanitangulia.

"Mama, ulisoma?"

"Nisome nini, wewe mtoto? Nisome huku unaingizwa kwenye lori?"

"Nilikuona unafunua ukurasa."

"Nilifunua ili nisipige mayowe!"

Akanishika mkono, tukatembea mpaka tumepita soko. Alinibana vidole kwa nguvu, huyu anayejifanya haogopi. Kisha akaniambia kwa ile sauti ya chini, "Na wao wote walikuwa wanafanya hivyo hivyo, Mama. Kesho nitawezaje kutokuwepo?"

Asubuhi alivaa, akaenda, na mimi nikabaki mlangoni, ninasikiliza kama kuna lori.

Basi wewe ambaye mwanao ameitwa kazini maktaba, furahi, lakini mwulize mapema kama chumba hicho kina wasomaji. Kikiwa kitupu, mwache aende kwa amani. Kikiwa na watu, nenda naye, ukae, umjue kila anayeingia. Mimi nimeshaomba kadi yangu. Nakaa kiti cha karibu na mlango.